Kabla ya Kuhesabu Moja, Mbili, Tatu

Binti yetu alipomaliza kidato cha nne, tulimwuliza jioni moja baada ya chakula angependa kusomea kazi gani. Tulitazamia aseme uuguzi kama mama yake, au ualimu. Akajibu kwamba anataka kuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, yule anayemchukua mtu mmoja mmoja na kumwongoza hatua kwa hatua mpaka mwili wake upate nguvu.

Tulicheka. Baba mtu akasema, "Hapa Kanga nani atakulipa kwa kumrusharusha? Mwanamke wa hapa amekwisha kulima, kuchota maji na kutwanga kabla jua halijapanda."

Binti hakucheka. "Basi, baba, mbona presha na sukari zimejaa?"

Hatukuwa na jibu. Yule kati yetu aliye muuguzi, ambaye ndiye anayeshika kalamu hii, hukutana na magonjwa hayo kila siku. Kulima kunachosha mgongo, lakini si kila mama analima siku hizi, na wengi wetu tukisha kuvuka miaka arobaini hukaa kitako zaidi kuliko tunavyokiri.

Uani kwetu

Tukakubaliana ajaribu kwanza nyumbani kwa mwaka mmoja. Akina mama wa kanisa tunaotembelea wagonjwa pamoja wakawa wanafunzi wake wa kwanza, mara tatu kwa juma, saa kumi na moja jioni. Tulifanyia uani, ndani ya ua wa makuti, ili majirani zetu Waislamu nao waje na kuvua mabaibui yao bila wasiwasi. Vyuma vya kunyanyua hatukuwa navyo. Tulijaza maji katika vidumu vya lita 5, kila kimoja kikawa na uzito wa kilo 5 hivi. Mikeka ya ukili ikawa zulia.

Tulijivuna, akina mama wenzetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Tulijumlisha dakika zetu tukaona tunakwenda vizuri. Kumbe kulikuwa na jambo ambalo hatukulihesabu.

Alhamisi ile

Alhamisi moja, katikati ya zoezi la kuchuchumaa, jirani yetu mmoja wa makamo aliacha kufuata hesabu. Jasho jembamba lilimtoka, mikono ikamtetemeka, maneno yake yakawa hayaeleweki. Binti yetu alidhani ni uchovu. "Jikaze, mama," alimwambia, "bado tano tu." Mama yule akajaribu, akaanguka.

Muuguzi alitoka jikoni mbio. Alimkuta bado anaweza kumeza, akamnywesha maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari. Baada ya robo saa macho yalirudi kawaida. Alipoweza kusema, alisema kwa sauti ndogo, "Leo nimefunga, mwanangu. Lakini kidonge changu nilikunywa alfajiri."

Kidonge kile ni cha kisukari, cha aina ile inayosukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Ukiongeza saumu ya kutwa na kuchuchumaa kwa nguvu, sukari ya damu hushuka hadi mtu kuzimia, na kama hakuna wa kumsaidia anaweza kupoteza maisha.

Tulikwenda kwake usiku ule, wazazi na mtoto, kuomba radhi. Mume wake alitukaribisha barazani, lakini hakutuficha lililokuwa moyoni. "Mmemfundisha mwanenu kazi," alisema, "kwa mwili wa mke wangu."

Maneno hayo yalituuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Muuguzi alijua tangu zamani kwamba mama huyu anatumia dawa. Hakumwambia binti, kwa kuwa siri ya mgonjwa haitolewi hata kwa mtoto wa kumzaa, na hilo hatulijutii. Tunalojutia ni kwamba hakumwendea mgonjwa mwenyewe na kumwambia, "Dada, mweleze mtoto habari ya dawa zako kabla hujaanza." Tena hatukumfundisha binti yetu kuuliza. Tulimfundisha kuhesabu tu.

Kujiandaa ni nini?

Juma zima binti alilia, akasema hatarudi tena uani. Hatukumlazimisha. Badala yake tulikaa naye na kuanza upya, safari hii kwa utaratibu.

Kwanza, maswali. Yako maswali 7 yaliyotungwa Kanada, ambayo walimu wa mazoezi wa nchi nyingi wameyatumia. Yanauliza kama daktari amewahi kusema una ugonjwa wa moyo. Kama kifua huuma ukifanya kazi. Kama kimeuma mwezi uliopita hali umepumzika. Kama hupata kizunguzungu au kuzimia. Kama una tatizo la mifupa au viungo. Kama unatumia dawa ya presha au ya moyo. Na kama ipo sababu nyingine ya kukuzuia. Sisi tumeongeza yetu: Una kisukari? Unakunywa dawa gani? Umekula leo? Una mimba, au umejifungua karibuni? Huulizwa faraghani, mmoja mmoja, maana mbele ya wenzake mtu atasema yu mzima. Anayejibu ndiyo kwa swali la hatari hupelekwa kwanza zahanati.

Pili, huduma ya kwanza. Mwalimu ajue kushughulikia aliyezimia, na asimmiminie kinywani kitu chochote asiyeweza kumeza. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha mambo haya. Vyama vya nje vitoavyo vyeti vya kazi hii, kama American College of Sports Medicine cha Marekani, humtaka mtahiniwa awe na miaka 18, amemaliza sekondari, na ana cheti cha kuokoa mtu ambaye moyo umesimama.

Tatu, shule yenyewe. Hapa nchini kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Kutoka Kanga ni mbali: Kilindoni, chombo hadi Nyamisati, kisha safari ndefu ya bara. Baba aliyecheka sasa ndiye anayetenga fedha ya nazi kwa ajili ya nauli.

Jioni moja, baada ya majuma matatu, yule jirani alibisha hodi uani. Alikuwa amefika zahanati, dawa zake zimeangaliwa upya na ameshauriwa kuhusu saumu. Ni yeye pia aliyeturuhusu kuandika habari hii. Alimtazama binti yetu, akasema, "Nimekuja, mwanangu. Leo niulize kwanza."

Binti akamwamkia, akamvuta pembeni chini ya mnazi, akamwuliza yote, moja baada ya jingine. Hesabu ilianza baadaye.