Maji ya Chai: Bomba Safi, Meno ya Kahawia

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River, utafika Maji ya Chai, mahali palipopata jina kwa rangi ya maji ya mto wake. Tulishuka kwenye basi akina mama wanne wa kanisa na mizani yetu ya kupimia watoto, tukapanda kwa miguu kati ya migomba, Mlima Meru ukiwa mbele yetu.

Mama mwenyeji alitukaribisha maji ya kunywa kutoka mtungi wenye kifuniko. Yalikuwa ya bomba, maangavu, yamechemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Kwa mafundisho ya usafi tuliyozoea kutoa, hapakuwa na la kumsahihisha. Lakini meno yake yalikuwa ya kahawia, na binti yake wa darasa la tatu aliziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka.

Rangi ile si uvivu wa kupiga mswaki, kama wengine wasemavyo kwa dharau. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi, na maji huyabeba mpaka bombani. Hayana rangi wala harufu (kwa hiyo hata mto wenye rangi ya chai si kipimo). Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Zamani nchi yetu iliruhusu hadi 8 vijijini. Siku hizi kiwango chetu nacho ni 1.5. Yakizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa huuma na kupinda.

Mama, kuchemsha huua vijidudu tu. Mvuke hutoka, floraidi hubaki sufuriani. Dawa ya klorini nayo haiondoi. Tena magadi tunayolainishia maharage mara nyingi yana floraidi.

"Na huyu je?" akauliza, akimgeuza kitinda mimba aliyekuwa mgongoni.

Huyo bado ana nafasi, kwa sababu meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi hadi kama miaka 8. Maji ya mvua karibu hayana floraidi: yakingwe kwenye tangi lenye kifuniko, yachemshwe, yawe ya kunywa na kupikia uji. Ya bomba yafulie. Pale Ngurdoto, jirani tu, kituo cha serikali kimefanya utafiti wa vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe; ila mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe.

Tulipoaga, baba wa nyumba alikuwa ameshachukua kamba, anapima urefu wa paa.