Maji ya Kwetu na Elimu ya Vitu Vidogo Mno

Sisi tuliozaliwa chini ya Mlima Meru hujulikana kwa meno. Nilipoingia Kidato cha Kwanza, wenzangu waliotoka Tanga na Mwanza waliniuliza kama kwetu hakuna miswaki. Miswaki ipo! Rangi hii ya kahawia imo ndani ya jino lenyewe. Maji yetu hupita katika miamba ya volkano na kuchukua madini ya floraidi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yangali yakijengeka ndani ya ufizi, hutoka yakiwa na madoa tayari. Shirika la Afya Duniani lasema floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kwetu pengi huzidi sana. Wala kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Hapa Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, mtaalamu Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la mchanga lililotiwa vitu vya nano, akapata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi itolewayo na taasisi ya Uingereza. Nano ni nini, basi?

Gawanya meta moja mara bilioni moja, upate nanomita. Najua hilo halimwambii mtu kitu. Afadhali hesabu hii, ambayo Kidato cha Pili waiweza. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una nyuso zenye jumla ya sentimita za mraba 6. Ukate uwe vipande vyenye upande wa nanomita 1, nyuso zote pamoja zitakuwa meta za mraba 6,000, karibu uwanja wa mpira! Kitu ni kile kile, uzito ule ule, bali nafasi ya kunasia uchafu imeongezeka mara milioni kumi. Hata makaa ya mifupa, yatumiwayo Ngurdoto kuondoa floraidi, yana vitundu vidogo mno vya namna hiyo.

Wapo wasemao elimu hii ingoje chuo kikuu, kwa kuwa hatuna hadubini za kuonea. Mbona atomu twaisoma, nayo ni ndogo zaidi? Tena wengi wetu tutaishia Kidato cha Nne, turudi kuchota maji yale yale. Mdogo wangu ana miaka mitatu. Meno yake ya ukubwani bado hayajatokeza.

Ndoo na mchanga tunavyo. Kipimo cha floraidi ndicho chenye gharama, nami ningependa Chama chetu cha Sayansi kiombe kuazimwa kimoja, Tengeru au Ngurdoto, muhula ujao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne