Besi fupi kwa nyumba ndogo: nilivyochagua gitaa la kurekodia nyimbo za mjomba

Haya wasomaji, wiki hii hatuzungumzii hifadhidata wala programu za simu. Tunazungumzia gitaa la besi. Msikimbie! Mna hesabu humu ndani, mna umeme, na mwishoni mna programu pia.

Kwanza mjue ninakoishi. Mwakirunge ni wadi ya Kisauni, huku bara ya kaskazini ya Mombasa, na wengi wanaijua kwa jaa la taka peke yake. Malori yanapita tangu alfajiri. Nyumba yetu imeezekwa mabati, kwa hiyo mvua ikinyesha huwezi hata kuzungumza na simu. Ukiweka maikrofoni chumbani humu utarekodi lori, jogoo na watoto wa jirani, kisha labda na wimbo kidogo. Gitaa la besi la umeme halina shida hiyo. Unachomeka waya kutoka kwenye gitaa hadi kwenye kadi ya sauti, na kadi hadi kwenye kipakatalishi. Lori lipite lisipite, halisikiki kwenye rekodi. Ndiyo maana katika studio ya nyumbani ya mtu wa Mwakirunge, besi ndicho chombo cha kuanza nacho.

Kwa nini sasa

Mjomba wangu alipiga besi katika bendi za mahoteli ya pwani ya kaskazini. Alipiga rumba, chakacha, na zaidi ya yote bango, muziki ulioanzishwa na Mzee Joseph Ngala wa Freretown na saksafoni yake, hapo hapo bara ya kaskazini kwetu. Kisha zikaja ghasia za Likoni za Agosti 1997, watalii wakapungua, kandarasi za mahoteli zikakauka, na bendi ya mjomba ikavunjika kama nyingine nyingi. Gitaa akaliuza. Tangu hapo ana duka.

Lakini nyimbo zake mwenyewe zimebaki. Ni kumi na moja, hazijawahi kurekodiwa hata moja, na zote zimo kichwani mwake tu. Sisi watu wa tarakilishi tuna jina la hali kama hiyo: data iliyo mahali pamoja bila nakala. Diski ikifa, basi. Na mjomba ana miaka sabini na moja, na vidole vya mkono wake wa kushoto vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Alipojaribu besi ya kawaida kanisani alipiga dakika tano akairudisha. "Mjomba," akaniambia (sisi tunaitana mjomba wote wawili, kama ilivyo desturi), "besi naijua bado. Mkono ndio umeisahau."

Kwa hiyo swali langu halikuwa ni besi gani iliyo bora duniani. Lilikuwa ni besi gani ambayo mzee huyu anaweza kuipiga saa nzima bila maumivu, na ikarekodika vizuri ndani ya nyumba ya mabati. Bajeti: shilingi elfu arobaini, pamoja na nyuzi.

Skeli ni nini?

Skeli ni urefu wa uzi unaotetemeka, kutoka kile kipande chenye mifereji kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja. Fender Precision ya mwaka 1951, iliyofanya besi ya umeme ienee, ilikuwa na inchi 34, yaani milimita 864. Mpaka leo besi nyingi madukani zina kipimo hicho, na watu hudhani ni sheria. Sivyo. Höfner 500/1 ya Ujerumani, iliyoingia sokoni mwaka 1956, ina takriban inchi 30 (milimita 762). Fender yenyewe ilileta Mustang ya inchi 30 mwaka 1966. Na Ibanez wana miKro yenye inchi 28.6 tu.

Wapo wanaosema besi fupi ni ya watoto. Paul McCartney wa Beatles alinunua Höfner yake ya kwanza Hamburg mwaka 1961. Iliibiwa mwaka 1972, na ilipopatikana habari zake zikatangazwa dunia nzima Februari 2024. Kwa chombo cha watoto, si haba.

Tufanye hesabu

Nafasi ya freti haihitaji kubahatisha. Umbali kutoka juu ya shingo hadi freti ya kwanza ni urefu wa skeli mara 0.0561. Hadi freti ya nne ni mara 0.2063. Basi:

- Inchi 34: freti ya kwanza mm 48.5, ya nne mm 178
- Inchi 30: freti ya kwanza mm 42.8, ya nne mm 157
- Inchi 28.6: freti ya kwanza mm 40.8, ya nne mm 150

Kati ya safu ya kwanza na ya pili kuna tofauti ya sentimita mbili hapo kwenye freti ya nne. Kwa kijana ni kitu kidogo. Kwa kidole kisichokunjuka ni tofauti ya kufika na kutofika.

Jambo la pili ni mvutano. Ukiweka uzi ule ule na noti ile ile, mvutano unafuata mraba wa urefu. Gawa 30 kwa 34, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.78. Yaani uzi umelegea kwa asilimia 22, na kidole kinahitaji nguvu kidogo kuubana. Hiyo ni faida kwa mjomba.

Lakini kila faida ina bei yake. Uzi uliolegea sana hugonga freti ukiupiga kwa nguvu, na ukiubana vibaya noti inapanda juu kidogo, hasa uzi mnene wa E. Dawa yake ni uzi mnene zaidi. Ili kurudisha mvutano wote uliopotea unahitaji unene wa takriban asilimia 13 zaidi. Sisi hatukutaka kurudisha wote, tulitaka nusu njia, kwa hiyo tulichukua nyuzi nzito kidogo tukaishia hapo. Sababu hiyo hiyo ilinifanya niiache ya inchi 28.6. Ni nyepesi na nzuri kwa mkono, lakini uzi wa E ulilegea kupita nilivyotaka kwa kurekodi.

Ile sauti ya "mmmm"

Sehemu hii ndiyo wanaonunua kwa macho huiruka. Umeme wetu Kenya ni wa volti 240 na Hz 50. Waya za ndani ya nyumba, taa, televisheni na chaja hutoa mnguruno wa Hz 50 pamoja na vizidisho vyake, 100, 150 na kuendelea. Sumaku za kunasia sauti kwenye gitaa (mafundi huziita pikapu, na si gari) zikiwa na koili moja huunasa mnguruno huo pamoja na muziki.

Sasa angalieni noti za besi. Uzi wa E ukiwa wazi ni Hz 41.2. Freti ya tatu ya uzi huo ni G, yaani Hz 49. Mnguruno wa umeme umekaa karibu kabisa na noti ambayo nusu ya nyimbo za mjomba inasimama juu yake! Huwezi kuuchuja kwa programu baadaye bila kuichuja na G yenyewe. Uchafu huo lazima uuzuie mlangoni.

Suluhisho ni koili mbili zilizosukwa kinyume, ili mnguruno wa moja ufute wa nyingine. Fender waliifanya hivyo pikapu ya Precision mwaka 1957, wakaigawa vipande viwili, na Mustang inatumia wazo hilo hilo. Nikaandika kwenye daftari: "koili mbili au sinunui." Ya pili: tunaporekodi, kipakatalishi kinatumia betri na chaja inang'olewa ukutani, kwa sababu chaja nyingi huleta kelele zao kupitia waya. Umeme ukikatika, ambavyo si jambo geni huku, ndipo rekodi zinapokuwa safi kuliko siku zote.

Nilikataa pia besi zenye kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9. Si mbaya, ila ni kitu kimoja zaidi cha kuoza kwenye unyevu na chumvi ya pwani. Kadi yangu ya sauti ina tundu la gitaa, na hilo linatosha.

Nyuzi za skeli fupi

Tahadhari kwa mtakaonunua: besi fupi inataka nyuzi fupi, na Mombasa hazipatikani kila duka. Uzi mrefu una sehemu nene inayofika hadi kwenye kigingi cha kukazia, na ukiuzungusha hapo unaweza kufumuka au kukatika. Ukilazimika kuupunguza, ukunje kwanza pembe mraba, kisha ndipo ukate baada ya kunja, la sivyo waya wa nje utateleza na uzi utakuwa umekufa. Ni bora uagize seti mbili siku ile ile unayonunua gitaa. Na ukimaliza kupiga zifute kwa kitambaa kikavu, maana hewa yetu inakula chuma.

Tulichukua nyuzi zilizosukwa kwa utepe bapa. Sauti yake ni ya mviringo, haina mlio wa chuma, inakaribia lile besi kubwa la kusimama la taarabu. Tena hazikwaruzi vidole. Mjomba alipoisikia alisema hiyo ndiyo sauti ya bango, na katika jambo hilo sibishani naye.

Upande wa programu

Kurekodi natumia programu huria, Ardour, na Audacity kwa kazi ndogo ndogo. Sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Mkondo mmoja wa besi unakula megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 35. Nakala moja inakaa kwenye diski ya nje, nyingine kwa dada yangu Changamwe. Bafa nimeiweka sampuli 256, yaani milisekunde 5.3 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mjomba hajalalamika.

Nilitaka pia kumwandikia kipima noti chenye maandishi makubwa, maana macho nayo yamechoka. Wanafunzi wa tarakilishi wasikilize hapa. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni FFT. Ukichukua sampuli 4096, kila kisanduku kina upana wa Hz 11.7. Lakini kutoka E hadi F chini kabisa ni Hz 2.45 tu! Noti nne nzima zinaangukia kisanduku kimoja. Kwa besi ni afadhali kulinganisha wimbi na nafsi yake lililocheleweshwa, utafute ni baada ya sampuli ngapi linajirudia. E inajirudia kila baada ya sampuli 1165 hivi, na kosa la sampuli moja ni kama Hz 0.04. Algoriti ya YIN, iliyochapishwa mwaka 2002, imejengwa juu ya wazo hilo. Mistari isiyofika mia mbili, na inafanya kazi.

Jambo la mwisho: wengi watasikiliza kwa simu, na spika ya simu haiwezi kabisa kutoa Hz 41. Sikio hujazia noti ya chini likisikia vizidisho vyake vya juu. Kwa hiyo naongeza ukwaruzo kidogo sana kwenye besi, uisikie kwenye simu. Kisha naipeleka kwenye matatu ya rafiki yangu yenye spika kubwa nisikie kama imezidi. Ikipita pote pawili, imepita.

Tulichonunua

Besi ya mtumba ya aina ya Mustang, inchi 30, pikapu ya koili mbili, kutoka kwa mpiga muziki mmoja wa kanisa kule Mtwapa. Kabla ya kutoa pesa niliangalia haya, nanyi myaangalie:

1. Tazama shingo kwa urefu wake kama mtu anayenyoosha mbao. Ipinde kidogo tu, isiwe imejipinda kama parafujo.
2. Piga kila freti ya kila uzi. Usikie noti safi, si mgongano.
3. Linganisha uzi wazi na freti ya 12. Iwe noti ile ile, oktava moja juu.
4. Zungusha vitufe vyote. Mkwaruzo ni vumbi, kimya ni waya uliokatika.
5. Livae kwa mkanda uliachie mkono. Kichwa kikianguka chini, bega litaumia.
6. Mpe atakayelipiga. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Mjomba alilipiga dakika arobaini sebuleni kwa mwenye nalo, bila kusimama, nami nikalipa.

Hadi leo tumerekodi nyimbo tatu kati ya kumi na moja. Anapiga asubuhi, vidole vikiwa vimepata joto la chai, nusu saa tu, halafu anaenda kufungua duka. Wimbo wa nne una sehemu ya kati ambayo haikumbuki vizuri, na mwenzake mmoja wa bendi ile yuko Kiembeni. Jumapili tunampeleka gitaa.