Mstari Tulioukaribia Bila Kuufikia



Sisi vijana wa Kalengera, katika jimbo la Kivu Kaskazini, tulijiandaa kwa mtihani wa Serikali kwa kusoma pamoja kila Jumamosi, baada ya kazi za shamba. Somo lililotutisha kuliko yote lilikuwa la fonksioni rasionali. Tulikuwa tumekariri kwamba asimptoti ni mstari ambao grafu huukaribia; maana yake hatukuiona mpaka siku tulipotaka kutengeneza daftari la mazoezi.

Kumtuma mtu Goma na kulipia kazi ya kuchapa kungegharimu faranka 60 000. Juu ya hizo, kila nakala ya fotokopi ingegharimu faranka 4 000. Tukaandika ubaoni: idadi yetu ikiwa x, mchango wa kila mmoja ni (60 000 + 4 000x) ÷ x. Kumbe hiyo ndiyo fonksioni rasionali, yaani polinomia moja kugawanywa kwa polinomia nyingine.

Tukaichora. Watu 5 wangelipa 16 000 kila mmoja; watu 10, 10 000; watu 20, 7 000; nasi tuliokuwa 30, 6 000. Kadiri x inavyokaribia 0, grafu hupanda bila kikomo, kwa maana hakuna awezaye kugawa gharama kwa watu 0. Hapo ndipo penye asimptoti ya wima. Upande wa kulia grafu hushuka, kwa sababu hesabu ile ni sawa na 60 000/x + 4 000: sehemu ya kwanza hupungua, ya pili haipungui kamwe. Watu 600 wangelipa 4 100. Asimptoti ya mlalo ni 4 000.

Tulikuwa tumezoea kusema, "Tukiwa wengi, hakuna atakayeshindwa." Lakini mwenzetu mmoja alikuwa na faranka 4 000 tu. Hakusema neno, aliacha tu kuja. Tulipoutazama ule mstari tukaelewa: hata tungealika watu wa vijiji vyote, mchango usingefika pale alipo yeye. Wingi wetu ungemkaribia daima, usimfikie. Tuliona haya.

Basi hatukuongeza watu, tulibadili fonksioni. Tuliamua kila watu wawili watumie nakala moja. Mchango ukawa 60 000/x + 2 000, na asimptoti ikashuka hadi 2 000. Kwa watu 30, kila mmoja alilipa 4 000 kamili. Wawili kati yetu walikwenda kumwita, naye akarudi.

Tahadhari moja kwa wanaojiandaa na mtihani: msiseme kwamba grafu haivuki kamwe asimptoti yake. Ya wima haivukwi, lakini ya mlalo huweza kuvukwa mahali fulani, kwani yenyewe hueleza tu mwenendo wa mbali. Tena, si kila mahali penye 0 chini pana asimptoti: (x² − 9) ÷ (x − 3) huacha tundu tu penye 3.

Tujiulize katika vikundi vyetu: ni gharama gani kwetu isiyopungua hata tukiongezeka? Na ni nani aliye chini ya mstari huo, akinyamaza?