Oicha: Taa ya kijani iliyosema uongo

Pikipiki ya miguu mitatu inayopeleka maji kwa familia za wakimbizi wa vita pembeni ya Oicha, katika wilaya ya Beni, Kivu ya Kaskazini, ililala siku mbili wiki hii. Mafuta yalikuwemo. Shida ilikuwa kwenye batri, na kwenye waya moja nyembamba kuliko kamba ya kiatu.

Mwenye kuiendesha ni baba wa watoto watano. Alikimbia upande wa Eringeti na kuacha kakao yake ikiwa karibu kuvunwa. Mashine aliinunua ikiwa imekwisha kuzeeka, kwa pesa yake kidogo na ya mama wanne wa likelemba. Kwa hiyo ikilala, nyumba tano ndizo zinazolala nayo, bila kuhesabu wale wanaongojea bidoni zao.

Jumatatu asubuhi alizungusha ufunguo, taa ya kijani yenye herufi N ikawaka, ndiyo kusema hakuna vitesi iliyoingia. Akabonyeza demareri. Ikasikika "tak!" moja tu, kisha kimya. Akapiga kiki mpaka mguu ukachoka.

Vijana wa pale wakakuja na batri ya gari. Wakaunga kebo, baba akasimama pembeni ya mashine, akabonyeza tena kwa sababu taa ya kijani ilikuwa inawaka. Mashine ikaruka mbele. Ikapanda juu ya bidoni mbili na kuzipasua, ikasimama kwenye ukuta wa mabanzi. Msichana mdogo aliyekuwa ameinama kufunga kifuniko alivutwa mkono na mama yake. Hakuumia. Lakini watu walinyamaza kwa muda, na batri ya gari ikarudishwa kwa mwenyewe bila hata neno.

Mashine ilikuwa na vitesi ya kwanza ndani. Taa ndiyo iliyosema uongo.

Fundi aliyeitwa ni mzee anayetengenezea chini ya turubai kando ya barabara. Hana kifaa cha kupima umeme. Ana balbu ndogo yenye waya mbili, na ana subira. Jambo la kwanza, alikataa kugusa waya za taa kabla ya kujua umeme unaishia wapi. Aliwasha taa kubwa ya mbele, akasukuma mashine mbele na nyuma kwa mkono mpaka akahakikisha magurudumu ni huru, ndipo akabonyeza demareri. Taa ikazimika kabisa, kisha ikarudi.

"Unaona, Papa? Ingebaki inawaka vizuri, ningetafuta njia ya umeme kwenda demareri. Lakini imekufa. Kwa hiyo ni batri, ao ni pale batri inapofungwa."

Ilikuwa vyote viwili. Vichwa vya batri vilikuwa na unga mweupe, na kebo ya masi, ile inayofungwa kwenye chuma cha mashine, ilikuwa imekaa juu ya kutu. Alifungua kwanza upande wa kutoa, kisha upande wa kujumlisha, na wakati wa kurudisha alianza na wa kujumlisha. Wengi wanadharau utaratibu huo, lakini ufunguo ukigusa chuma wakati upande wa kutoa bado umefungwa, cheche inaruka, na batri inaweza hata kupasuka. Akaosha kwa maji ya moto, akasugua mpaka chuma kikang'aa. Batri akaituma kwa mwenye mitambo ya jua ichajiwe usiku kucha. Batri ya namna hiyo ikijaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12,6. Ikiwa chini ya 12, usitegemee iwashe kitu.

Siku ya pili ilikuwa ya taa, na hapo ndipo fundi alipochukua muda mrefu. Alimweleza baba kwamba ile N haijui kitu kuhusu vitesi. Balbu inapata umeme kutoka kwenye ufunguo, na waya wake unashuka mpaka kwenye kisahani kidogo ubavuni mwa injini. Vitesi zikitoka, kisahani kinaunganisha waya huo na chuma, taa inawaka. Namba 1, 2, 3 zinafanya kazi vilevile, kila moja na waya wake. Basi waya wa N ukigusa chuma popote njiani, taa itawaka siku nzima, hata ukiwa kwenye vitesi ya nne.

Akachomoa soketi ya waya pale kwenye injini. Taa ikaendelea kuwaka. "Kisahani hakina kosa," akasema. Akafuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka chini ya karoseri, pale inapokaa juu ya chuma. Mzigo wa bidoni na mashimo ya njia yalikuwa yameusugua mpaka shaba ikaonekana. Akaukausha, akaufunga vizuri, akauvisha kipande cha shambreri ya zamani na kuupitisha mbali na chuma. Namba 2, ambayo haikuonekana tangu mvua zianze, ilirudi baada ya kutoa matope ndani ya soketi.

Kulibaki jambo moja lililomkasirisha. Kwenye mkono wa ambreyaji, mwenye mashine wa zamani alikuwa amefunga waya mbili pamoja, ili demareri izunguke hata bila kushika ambreyaji. Hiyo ndiyo iliyoacha mashine iruke. Kipande kipya hakikupatikana Oicha.

Mmoja wa mama wa likelemba alikuwa amefika na hasira ya siku mbili. "Mzee, tuachie iende hivyo. Watu hawana maji."

"Mama, mimi pia ninakunywa maji. Ungoje kidogo."

Anayeijua barabara ya kutoka Mbau kwenda Eringeti anaelewa pande zote mbili. Huko, mashine inayokataa kuwaka saa kumi na moja za jioni inaweza kugharimu zaidi ya kazi ya siku. Lakini msichana yule pia alikuwa na mguu wake pale mbele ya gurudumu.

Fundi aliiachia kwa sharti: mpaka kipande kifike kutoka Butembo, baba atakaa juu ya kiti, atashika ambreyaji na freni, na ataitikisa mashine mbele na nyuma kabla ya kubonyeza, hata taa iseme nini. Alimfanya arudie mara tatu mbele ya mama yule. Akachukua franka 15 000, nusu sasa, nusu siku ya Jumamosi.

Saa tisa injini iliwaka mara ya kwanza. Baba aliingiza vitesi ya kwanza, akainama kutazama: taa ya kijani ilikuwa imezimika. Akaenda kupakia bidoni, zikiwa pungufu mbili.