Shika Ncha ya Mshale: Siku Mbili Kando ya Ziwa Eyasi

Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwasomesha watoto wetu Hadithi moja fupi ambayo, tukisema kweli, sisi wenyewe hatukuielewa sawasawa. Ni Hadithi iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari (RA), na imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Ndani yake Mtume (SAW) anamuelekeza mtu anayepita katika misikiti au masoko ya Waislamu akiwa na mishale azishike ncha zake kwa kiganja, asije akamdhuru Muislamu yeyote. Watoto waliihifadhi, wakaisoma mbele ya wazazi wao, wakapewa zawadi. Lakini katika sisi sote, wasomeshaji na wasomeshwa, hakuna aliyewahi kushika mshale mkononi.

Ndiyo sababu tulipopanga safari ya mapumziko ya vijana wetu mwaka huu, tuliamua kwenda kwa watu ambao hadi leo mshale ndio chombo chao cha kazi: Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Tulikuwa watu saba, wazazi wanne na vijana watatu wa madrasa, mdogo wao akiwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Tuliondoka Karatu baada ya Swala ya Alfajiri. Barabara iendayo Mang'ola inateremka polepole kuelekea Bonde la Ufa, na kila unaposhuka joto linaongezeka na vumbi linazidi. Karibu na Mang'ola mandhari hubadilika ghafla. Maji ya chemchemi yameongozwa kwa mifereji, na mashamba ya vitunguu yametandaa kama zulia la kijani katikati ya ukame. Ng'ambo ya mashamba hayo ndipo linapoonekana ziwa lenyewe, kubwa, la maji ya magadi, ambalo kina chake hupungua sana wakati wa kiangazi.

Wahadzabe ni watu wachache, wapatao elfu moja na ushei. Lugha yao, yenye sauti za kidoko, haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Wengi wao wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2011 baadhi yao katika Bonde la Yaeda walipewa hati ya kumiliki ardhi yao kimila, jambo lililokuwa faraja kubwa kwao, kwa kuwa mwindaji asiye na pori ni sawa na mvuvi asiye na bahari.

Mkalimani wetu alitufikisha kwenye kambi iliyokuwa chini ya mibuyu. Tukaamkia, tukakaribishwa kuketi. Mzee mmoja alikuwa akinyoosha mawano, yaani vijiti vya mishale, kwa kuvipasha moto na kuvikunja taratibu kwa meno na mikono. Vijana wetu wakamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia kwa Kiswahili chake, akawasogezea gogo la kukalia.

Hapo tukapata darsa ambalo hatukulitarajia. Upinde wa Mhadzabe ni mrefu na mgumu kuuvuta, na upote wake umesokotwa kwa kano za mnyama. Mishale yake ni ya aina tatu. Upo wa mti mtupu uliochongwa ncha, ambao ni wa ndege na wanyama wadogo. Upo wenye chembe cha chuma, ambacho mara nyingi hufuliwa kwa misumari au hupatikana kwa wahunzi wa Kidatoga. Na upo wenye chembe cha chuma kilichopakwa sumu, ambao ni wa wanyama wakubwa. Sumu hiyo hupikwa kutokana na mimea ya porini, mmojawapo ukiwa waridi la jangwani, ule mti mfupi wa shina nene ambao mijini tunaupanda kwa ajili ya maua yake mekundu. Sumu yake huushambulia moyo.

Tuliona kwamba mishale ya mti mtupu ilikuwa imelazwa karibu na mzee, na watoto wadogo wa kambini walikuwa na pinde zao ndogo wakilenga vibuyu vikavyo. Ile ya sumu haikuwa pale. Ilikuwa imechomekwa juu kwenye tawi, mbali na mkono wa mtoto, na kila chembe kimezungushiwa utepe wa ngozi. Tulipouliza sababu, mzee alisema kwamba utepe unailinda sumu isikauke, na unamlinda mwenye mshale asijichome. Haufunguliwi mpaka mnyama awe ameonekana.

Alasiri vijana wetu waliruhusiwa kulenga shina la mti mkavu. Mzee aliwafundisha kwanza mambo ambayo kwa macho yetu yalikuwa madogo. Kabla ya kuutumia mshale, aliukunja kidogo karibu na sikio, kisha akaupitishia kidole chote, kwa kuwa wano lenye ufa huweza kuvunjika wakati wa kuachiwa na kuingia katika mkono wa anayelenga. Akawakataza kuuvuta upinde na kuuachia bila mshale, maana nguvu ikikosa pa kwenda hurudi kwenye upinde wenyewe na kuuvunja. Akawakataza kabisa kulenga juu angani, kwa sababu mshale uliopanda utashuka, na hakuna ajuaye utashukia wapi.

Sisi wakubwa tulikuwa na simu mikononi, tukipiga picha. Yule mdogo wetu alikosa shabaha, na mshale wake ukapita kando ya shina. Akakimbia kuufuata. Mwenzake, ambaye tayari alikuwa ameuweka mshale kwenye upote, alikuwa amefumba jicho moja na kuanza kuvuta. Kati yake na shina palikuwa na mgongo wa ndugu yake.

Hatukuweza hata kupiga kelele. Mzee alinyoosha mkono, akaifunika ncha ya mshale kwa kiganja chake, akaushusha upinde mpaka chini. Hakukemea. Alingoja yule mdogo arudi na mshale wake, ndipo akasema maneno machache, na mkalimani akatufasiria: "Mtu akiwa mbele, upinde unakaa chini."

Kisha akamwita mwanamume mmoja wa makamo, akamwambia atuonyeshe mguu wake. Nyuma ya goti palikuwa na kovu refu. Alipokuwa kijana, alitusimulia, walikuwa wakifuatana porini kwa mstari mmoja. Aliyekuwa nyuma yake alijikwaa, na mishale aliyoishika ikiwa imeelekea mbele ikamchoma. Ilikuwa ya chuma kitupu. "Ingekuwa ya sumu," alisema, "leo msingenikuta." Akacheka, lakini sisi hatukucheka.

Usiku ule, baada ya Swala ya Isha, tulikaa kimya kwa muda. Mmoja wetu akasema kwamba wapo watakaosema ajali haina kinga. Mwingine akajibu kuwa tumeiona kinga kwa macho yetu leo, nayo ilikuwa ni kiganja cha mzee. Tukairejea ile Hadithi, na kwa mara ya kwanza tukaona jambo lililokuwa limetupita. Mtume (SAW) hakuwaamrisha wapita njia wajihadhari na mwenye mishale. Alimuamrisha mwenye mishale aufumbate ukali wake ndani ya kiganja chake mwenyewe. Ikiwa kuna mtu wa kuchomwa kwa uzembe, basi awe wa kwanza ni yeye. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sunna inataka mwenye chombo auonje uchungu huo kabla haujamfika jirani.

Wala Hadithi hiyo haiko peke yake. Mtume (SAW) alipenda ulengaji shabaha, na aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale akawatia moyo, akiwakumbusha kuwa baba yao Ismail (AS) alikuwa mlengaji. Lakini huyo huyo aliyetutia moyo ndiye aliyekataza mtu kumuelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha. Alikataza kupeana upanga ukiwa umechomolewa. Alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na alikataza mchezo wa kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kuwa hauui windo wala haumuumizi adui, bali huvunja jino na kupasua jicho. Dini yetu imemfundisha mtu kulenga, na papo hapo ikamfundisha kuzuia.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, tuliruhusiwa kuwafuata wawindaji watatu kwa mwendo mfupi. Sasa tulitazama kwa macho mapya. Walipita mmoja mmoja kwa kuachana, hakuna aliyemkaribia mwenzake kisigino. Kila mmoja alishika mishale pamoja na upinde katika mkono mmoja, ncha zikiwa chini mahali anapoziona. Hakuna aliyeweka mshale kwenye upote akiwa anatembea. Mmoja alipolenga njiwa, wenzake wawili walikuwa tayari wamerudi nyuma yake bila kuambiwa. Na mshale mmoja uliopotea katika majani walitafuta mpaka ukapatikana. Tulidhani wanautafuta kwa sababu una thamani. Naam, una thamani, lakini pia hapo hupita watoto wanaokwenda kuchuma matunda, nao hawana viatu.

Waliporudi na ndege wawili walitukaribisha nyama. Tuliwashukuru na kuwaeleza kwa adabu kwamba sisi hula kile kilichotajiwa jina la Allah wakati wa kuachia mshale au kuchinja. Walielewa, na tukala pamoja chakula tulichokuja nacho. Vijana waliuliza kuhusu mishale ya sumu, tukawaambia kuwa wanazuoni wameeleza kwamba mnyama akifa, na ikadhaniwa kuwa sumu imesaidia kumuua, haliwi. Mwenye kutaka undani wa jambo hilo amuulize sheikh wake. Tukawakumbusha pia kuwa sheria za uhifadhi za nchi yetu hazimruhusu mtu kuingia porini kuwinda bila kibali, na kwamba tulikuja kujifunza, hatukuja kuwinda.

Wakati wa kuagana, yule mdogo wetu alinunua mshale mmoja wa mti mtupu. Mzee aliukamata kwenye ncha, akamuelekezea upande wa manyoya ya kanga, na hakuuachia mpaka alipohakikisha kuwa kijana ameushika barabara.

Tulifika Karatu wakati wa Alasiri tukasimama msikitini. Kijana akateremka nao. Tulipomuuliza kwa nini hauachi garini, akasema kuna watoto wa jirani wanaochungulia madirishani, na mlango mmoja haufungi vizuri. Watu walikuwa wengi uani, wengine wakitia udhu, wengine wakitoka. Akapita katikati yao taratibu, mkono wake wa kulia ukiwa umeifumbata ncha ya mshale hadi vidole vikabadilika rangi. Hakuna aliyemkumbusha Hadithi. Aliuweka chini ya safu ya viatu vyetu, ncha ikielekea ukutani, kisha akaingia kuswali.

Sisi tuliobaki nyuma tulitazamana. Tulikuwa tumeisomesha Hadithi hiyo kwa miaka, na siku ile tuliiona ikitembea. Nasi wazazi tukajiuliza ni ncha ngapi tunapita nazo mbele za watu zikiwa wazi: kisu kilichoachwa ukingoni mwa meza, panga lililochomekwa ubavuni sokoni, pikipiki inayokatiza uani penye watoto. Kila moja ina mahali pake pa kushikwa, na anayetakiwa kushika ni mwenyewe.

Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi watoto wetu na mikono yetu, na aijaalie mikono hiyo isiwe sababu ya kumliza mtu yeyote. Amin.