Bumu, bomu na mkutano wa kijiji

Hapa Mlimani wiki hii ukipita kimbweta chochote unasikia neno moja tu: bumu. Limeingia, halijaingia, fulani kaona meseji, fulani kadanganya. Sasa juzi tumekaa watu wanne tunapiga hesabu za madeni, mshkaji mmoja wa Moshi akanigeukia, "Wewe mtu wa Ngara huna shida, kwenu bomu mnaokota tu porini." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, manake utani ni utani na yeye namtania kila siku. Ila akaongeza swali la kweli. Majambazi huko, mabomu huko, Marburg huko, kwani hao wa halmashauri zenu huwa wanakaa vikao vya nini?

Nikamwambia jibu ni refu, nitaliandika. Basi kaka, chukua chai yako, ndo hili hapa.

Kwa wasioijua njia ya kwetu: ukitoka Dar unapita Dodoma, Singida, Kahama, halafu Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura ambazo ni wilaya ya Biharamulo, ndo unaingia Ngara na kuikuta Benaco. Mbele ni daraja la Rusumo na ng'ambo ni Rwanda. Njia nyingine inakwenda Ngara mjini na Kabanga, ng'ambo Burundi. Benaco lilikuwa jina la kampuni ya kujenga barabara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24 hivi wakikimbia kutoka Rwanda, na hapo Benaco ndipo ikawa kambi. Wengi wa Wanyarwanda walirudi Desemba 1996, Warundi wakabaki Lukole miaka mingi zaidi. Wengi wao walikuja na godoro na sufuria. Wachache walikuja na vitu vingine, na vile vitu havikurudi vyote.

Ndo maana mtoto wa kwetu wa rika langu alijua neno eskoti kabla hajajua kusoma. Mama alikuwa anakwenda Kahama kuchukua vitenge, mabasi yanasubiriana kwanza, askari wenye bunduki wanapanda, ndo msafara unaingia msituni. Sehemu kubwa ya pori lile leo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu 2019, watalii wanakwenda kuangalia twiga. Zamani abiria walikuwa wanapita hapo wanasali.

Julai 2013 Rais Kikwete alikuwa ziarani Kagera, akatoa wiki mbili: wenye silaha wazisalimishe, wanaoishi bila kibali waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, Kagera, Kigoma na Geita. Mama anasema baada ya hapo alianza kusinzia kwenye basi, na kwa mama yangu hiyo ni sifa kubwa. Ila operesheni ile ilipita pia kwenye nyumba za watu waliooa na kuolewa kwetu miaka mingi. Kihangaza na Kirundi vinaelewana, koo zimevuka mpaka kabla mpaka haujachorwa, kwa hiyo kuna familia ziligawanyika. Na kuna jambo moja operesheni haiwezi kulifanya hata ikija na magari mia. Inaweza kumkamata mtu, haiwezi kukamata bomu lililolala chini ya kichaka tangu mwenye nalo akimbie.

Hilo tulilijua tarehe 8 Novemba 2017. Shule ya Msingi Kihinga, wilayani kwetu. Mtoto aliokota bomu la kutupa kwa mkono akidhani ni chuma chakavu, akaja nalo shuleni, likalipuka. Wanafunzi watano walikufa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Mimi nilikuwa kidato cha pili, shule nyingine. Tulipigiwa kengele, tukakusanywa mstarini, tukaambiwa tusiokote kitu chochote tusichokijua. Tukaitikia kwa pamoja, ndiyo mwalimu. Jioni ileile wadogo zetu walikuwa njiani na viroba vyao, manake mwenye mzani alikuwa anapita Ijumaa.

Hapo ndo penye swali. Katazo lile lilikuwa sahihi kabisa, hakuna mtu mwenye akili angelipinga. Lakini mtoto haokoti chuma kwa utundu. Anaokota kwa sababu kilo inampa hela ya daftari, au chumvi ya nyumbani. Umemwambia acha, hujamwambia daftari litatoka wapi. Basi ataitikia ndiyo mwalimu, na atakwenda.

Jambo hilohilo nililiona tena Januari 2025, safari hii Biharamulo. Tulikuwa chuo, kila mtu anafungua simu kila dakika. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa kwamba Marburg inashukiwa Kagera. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros, akathibitisha kuna mgonjwa Biharamulo. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 13 Machi walikuwa wamehesabiwa watu 10, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa, na wote 10 walifariki. Mkoa wetu ulikuwa umeshapita huko Machi 2023, Bukoba Vijijini, watu sita wakafa. Kwa hiyo kaka wa Moshi, Marburg si ya mpakani. Popo wala matunda hawaombi pasipoti. Ikishaingia kwa mtu, inapita kwa majimaji ya mwili, jasho, matapishi, damu, na maiti bado inaambukiza. Chanjo iliyoidhinishwa haipo. Dawa ni kutokugusa.

Sasa kamwambie hivyo shangazi yangu. Shangazi kaolewa Biharamulo, na katikati ya wiki zile mama mkwe wake akafariki. Bibi wa miaka themanini na kitu, mgonjwa wa presha siku nyingi, hakuna aliyedhani ni Marburg. Lakini kijijini kwao maelekezo yalikuwa kila kifo kiripotiwe kwanza, maiti isiguswe, timu ya afya ichukue sampuli na izike. Shangazi akampigia baba simu analia, mimi nilisimuliwa baadaye. Hakuwa analia kifo tu. Kwao mkwe ndiye anayemwosha mama mkwe, ndiyo heshima ya mwisho, na miaka ishirini na mbili waliishi jiko moja. Akasema, "Watu wenye mavazi ya plastiki ndio wamguse, mimi nisimame mbali kama mpita njia?"

Kuna vijana wa ukoo walishaanza kusema wamzike usiku, kimyakimya. Ingekuwa hivyo, na ingekuwa kweli ni ule ugonjwa, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Aliyeokoa mambo hakuwa na bunduki wala barua. Ni mwenyekiti wa kitongoji, mzee tu wa kawaida. Alikwenda pale msibani pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wakakaa nje mbali kidogo na watu, wakauliza familia: katika mazishi yenu ni jambo gani hamuwezi kuliacha? Watu wakajibizana mpaka wakafika kwenye mambo matatu. Mkwe amwone uso. Kitenge chake kipya kiende naye. Sala isomwe na mtu anayemfahamu. Timu ikakubali yote matatu: shangazi akaona uso kutoka umbali waliompimia, kitenge akakiweka chini mwenyewe na wao wakakichukua, sala ikasomwa kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo ya kaburi. Majibu yalirudi, hakuwa na Marburg. Shangazi bado anaumia kwamba hakumwosha. Lakini hakuna aliyezikwa usiku.

Ndo maana mwaka huo nilipopangiwa TP, mazoezi ya kufundisha, kwenye sekondari moja ya kata huko kwetu Ngara, nilikwenda na sikio lililofunguka. Julai, wiki ya pili, wakatangaza mkutano mkuu wa kijiji. Tulisoma kidogo kuhusu serikali za mitaa, mnakumbuka? Mkutano mkuu ni wakazi wote kuanzia miaka 18, na unatakiwa ufanyike walau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982, ila haiwi sheria mpaka ipitiwe kwenye kata na kukubaliwa na baraza la madiwani wilayani. Kwenye mtihani ni swali la alama nne. Kijijini ni mchana mzima chini ya mwembe.

Ajenda ya kwanza ilikuwa vibuyu chirizi vya kunawia mikono kila kaya, ikapita haraka, kila mtu alikuwa na habari za Biharamulo. Ya pili ilikuwa vyuma chakavu. Mtendaji akasoma pendekezo: mtoto atakayekutwa anaokota chuma, mzazi atozwe faini. Watu wakaanza kunyoosha mikono ya kukubali, jua kali, kila mtu anataka kwenda zake. Bibi mmoja akasimama na fimbo yake. Akasema, "Mimi nalea wajukuu wanne. Mkinitoza faini nitaipata wapi? Nitamtuma mtoto akaokote chuma nikalipe."

Watu walicheka mpaka mtendaji akacheka. Halafu kikawa kimya, manake ilikuwa kweli tupu.

Mjadala ukaanza upya. Mwenye mzani alikuwepo, akajitetea kwamba na yeye ana watoto. Mwishoni wakakubaliana hivi. Faini imwendee anayenunua chuma kwa mtoto, si mzazi. Mwenye mzani ajiandikishe ofisi ya kijiji. Mtoto akiona chuma asichokijua asikiguse, asikirushie jiwe, arudi njia aliyojia na amwambie mwalimu au mwenyekiti, ili polisi waitwe. Na la nne, lililotoka kwa yule bibi: kila kaya itoe kilo moja ya maharage wakati wa mavuno, yauzwe, yawe mfuko wa madaftari. Mtendaji akaandika, akasema yatapelekwa kata na wilaya, kwa sasa ni makubaliano.

Nilifurahi sana, nilidhani nimeona demokrasia kwa macho. Nilikuwa na kijana wa kidato cha kwanza, mwepesi wa hesabu kuliko wote, asiyeonekana darasani Ijumaa. Sababu mmeshaijua. Baada ya mkutano Ijumaa mbili mfululizo alikuwepo, nikamtania kwamba amehamia. Ya tatu hakuwepo. Nikauliza wenzake, wakasema yuko kwenye matofali, anabeba, analipwa kwa idadi.

Sikumlaumu. Mzani ulikuwa umefungwa siku ileile ya mkutano, maharage yalikuwa yanasubiri mavuno. Yaani nusu ya kukataza ilianza leo, nusu ya kutoa ilipangiwa msimu ujao, na kati ya hizo nusu mbili kuna mtoto anayetakiwa kuishi. Matofali hayalipuki, hilo ni jema, nashukuru. Lakini Ijumaa yake bado imeliwa.

Kwa hiyo kaka wa Moshi, vikao vya kwetu vinakaliwa. Tena vingine ni vizuri kuliko unavyofikiri. Mimi tu nimejifunza kuvipima kwa swali moja: mnachomkataza mtu, alikuwa anakifanya kwa sababu gani, na hiyo sababu mmeijibu lini? Pale msibani kwa shangazi ilijibiwa siku ileile, ikafanya kazi. Pale kijijini ilijibiwa nusu, ikafanya kazi nusu.

Na hili natuambia sisi wa ualimu hasa. Tukimaliza hapa wengi wetu tutapelekwa vijijini, na kijijini mwalimu ndiye anayepewa kalamu aandike muhtasari, manake mwandiko wake unasomeka. Usiandike tu "imekubaliwa". Kabla mikono haijanyooka, uliza daftari linatoka wapi, na linatoka tarehe ngapi.

Haya, niambieni na nyie. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, kila mtu hapa ana mwenyekiti wake wa mtaa au kijiji. Unamjua jina? Mkutano wa mwisho ulikwenda lini, na mliamua nini? Mshkaji wa Moshi aanze yeye. Mimi nakwenda kuangalia simu, labda limeingia.